Macho mawili ya sauti, Sharp au leza: kipi kifungwe mbele ya roboti yako?

Namba zilizokuwa zikipita kwenye skrini zilikuwa hizi: 84, 71, 60, 213, 214, 213. Kisha kishindo. Kigari cha magurudumu matatu kilikuwa kimeubamiza ukuta kwa ubavu wa kushoto, huku kihisi chake cha kupima umbali kwa sauti kikiapa kwamba mbele ni kweupe kwa zaidi ya mita mbili.

"Mwalimu, sensa imekufa," alisema binti aliyekiunda.

Haikuwa imekufa. Niliichomoa, nikaishika mkononi, nikaielekeza ukutani moja kwa moja: 35, 35, 36. Nikaigeuza taratibu kama mtu anayezungusha shingo. Ilipofika karibu nusu ya pembe mraba ikaruka tena: 213. Sauti ilikuwa inaupiga ukuta ule wa lipu laini, inateleza hadi kwenye kabati la upande wa pili wa chumba, ndipo inarudi. Kihisi kilikuwa kinapima kabati, na kilikuwa kinalipima vizuri tu.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kihisi kipi cha umbali ni bora, nami humuuliza: mbele ya roboti yako kutakuwa na nini, na kitu hicho kitakuwa kimekaaje? Kwenye tangazo la dukani utaambiwa kihisi kinaona mpaka sentimita ngapi. Hutaambiwa kinadanganya kwa njia gani, na kila kimoja kina uongo wake. (Mezani sote tunasema "sensa". Hapa naandika "kihisi", maana ukitafuta sensa mtandaoni utaletewa hesabu ya watu na makazi.)

Vinavyopatikana kirahisi kwa mfuko wa mwanafunzi ni vitatu. Kuna HC-SR04, kile cha macho mawili ya rangi ya fedha kinachotumia sauti. Bei yake haizidi sana sahani mbili za chipsi mayai. Kuna Sharp GP2Y0A21, cheusi, cha mwanga wa infraredi, ambacho kwa kawaida ndicho ghali kuliko vyote. Na kuna VL53L0X cha STMicroelectronics, kijibodi kidogo kama ukucha wa kidole gumba, chenye leza isiyoonekana kwa macho.

Sauti inakwenda, sauti inarudi

HC-SR04 ina macho mawili kwa sura tu. Moja ni mdomo, la pili ni sikio. Unaipa pini ya Trig umeme kwa maikrosekunde 10, mdomo unatoa mitetemo minane ya kilohezi 40, juu mno kwa sikio la binadamu, ambalo huishia kwenye kilohezi 20 hivi. (Paka wangu huisikia. Nikiwasha roboti sebuleni, masikio yake huigeukia kabla haijasogea hata hatua.) Hapo hapo pini ya Echo inapanda, inabaki juu mpaka mwangwi urudi, kisha inashuka. Programu yako inahesabu ilikaa juu maikrosekunde ngapi, inagawanya kwa 58, umepata sentimita.

Hiyo 58 haikuokotwa. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde, yaani maikrosekunde 29 na ushei kwa kila sentimita. Kwenda na kurudi ni 58. Manahodha wa pwani walitupa bildi, risasi ya kupimia kina, majini wakahesabu pima za kamba. Hapa kamba ni muda, ila ni kamba inayorefuka na kufupika kwa hali ya hewa. Mwendo wa sauti ni takriban 331.3 jumlisha 0.6 mara nyuzi za joto. Chukua ukuta ulio mita 2 kamili: asubuhi ya Julai kule Njombe, kwenye nyuzi 10, kihisi kitakusomea 204, mchana wa Februari Dar es Salaam, kwenye nyuzi 32, kitakusomea 197. Kwa roboti ya kukwepa viti hilo si neno. Kwa anayepima maji ya tangi ni ndoo kadhaa, na dawa yake ni kihisi cha joto kama DS18B20 na mstari mmoja wa hesabu.

Kinachoumiza zaidi ni ile pembe. Urefu wa wimbi la kilohezi 40 ni karibu milimita 8.6. Kwa wimbi la ukubwa huo, ukuta wa lipu, kigae, ubao uliopigwa randa, mlango wa friji, vyote ni kioo cha kujitazamia, na ukikitazama kioo kwa mshazari hujioni; unaona kilicho pembeni. Ukuta wa mawe usiopigwa lipu ni mwema zaidi, kwa sababu mabonde yake hutawanya sauti kila upande na kiasi chake humrudia mwenyewe. Kona ya ndani ya chumba nayo huonekana vizuri ajabu, kwa kuwa kuta mbili zinazokutana hurudisha sauti kule kule ilikotoka. Kwa hiyo roboti ile ile inaiona kona iliyo mbali na haiuoni ukuta ulio karibu. Asiyejua sababu atabadilisha waya wiki nzima.

Uongo wa pili ni wa vitu laini. Pazia, godoro, sponji, koti lililoning'inizwa: sauti inaingia humo na haitoki na nguvu ya kutosha. Mtu aliyevaa sweta nene huonekana kwa shida kuliko ndoo ya plastiki.

Halafu kuna upana. Karatasi za HC-SR04 zinataja nyuzi 15. Kwa koni hiyo, mita 2 mbele doa la sauti lina upana wa sentimita 53 hivi, na mita 3 mbele limefika karibu 80, upana wa mlango wa chumbani. Ukiwa mbali, mlango ulio wazi na ukuta uliozibwa vinaweza kusomeka sawa, maana fremu peke yake inatosha kurudisha mwangwi. Kihisi kinakuambia "kuna kitu, kiko mita 2.6". Hakikuambii kiko kushoto au kulia.

Tatizo hili ni la zamani kuliko wengi wetu mezani. Mwaka 1978 Polaroid walitoa kamera ya SX-70 iliyopima umbali kwa sauti ili ijirekebishe lenzi yenyewe, na vifaa vyake vya kupimia vikaishia kwenye roboti za vyuo vikuu. Kule Carnegie Mellon, watafiti Hans Moravec na Alberto Elfes walikuwa na roboti yenye vihisi 24 vilivyozungushwa kama mkufu. Mwaka 1985 wakaandika namna ya kuchora ramani kwa vihisi vya koni pana: usiamini kipimo kimoja; gawanya sakafu vyumba vidogo vidogo kama daftari la hesabu, kila mwangwi uongeze au upunguze uwezekano kwamba chumba fulani kimejaa. Mpaka leo roboti nyingi zinachora ramani kwa mtindo huo huo, hata zinapotumia leza.

Mambo mengine nayapitia haraka. Chini ya sentimita 2 HC-SR04 haina la kusema, kwa sababu mdomo haujatulia na sikio limeshapigwa kelele. Toleo lisiloingia maji, JSN-SR04T, lina jicho moja linalofanya kazi zote mbili, na upofu wake wa karibu unafika sentimita 20 hadi 25. Ukilifunga juu ya tangi, acha nafasi hiyo, la sivyo tangi likijaa litasomeka kama limepungua. Echo hutoa volti 5, ilhali bodi za Raspberry Pi na ESP32 zinataka volti 3.3, rezista ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2 zinatosha kuishusha. Nimeshaona pini zilizoungua kwa kupuuza rezista mbili za bei ya pipi.

Ila hili la sifuri nisilipite. Kwenye Arduino, bodi ndogo ya kuendeshea roboti, amri ya pulseIn usipoipangia muda husubiri hadi sekunde nzima, kisha inarudisha 0. Kigari kinachokwenda sentimita 40 kwa sekunde kinaweza kuwa kimeshatembea sentimita 40 kikiwa kimefumba macho. Na ile 0 si sentimita sifuri. Maana yake ni "sikusikia kitu". Programu nyingi za wanaoanza zina sharti la "ikiwa umbali ni chini ya 20, geuka", basi uwanja mtupu unaweza kuwafanya wageuke kama wamekutana na simba. Ipangie pulseIn maikrosekunde 12,000, utaona mpaka mita 2 hivi, na 0 uitafsiri kwa jina lake. Kisha chukua vipimo vitatu au vitano uchague namba ya katikati. Usichukue wastani: katika 60, 59 na 213, wastani ni 111, umbali ambao hauna kitu chochote.

Sharp: anayepima pembe

Sharp hahesabu muda hata kidogo. Anatoa doa la infraredi, na lenzi iliyo pembeni yake inaangalia doa hilo limeangukia wapi kwenye ukanda wa ndani. Kitu kikiwa karibu, doa linaangukia upande huu. Kikiwa mbali, upande ule. Ndiyo maana rangi ya kitu haimsumbui sana, na ndiyo maana ukuta wa mshazari uliomshinda HC-SR04 yeye anauona: lipu ambayo kwa sauti ni kioo, kwa mwanga ni kitu cha kukwaruza kinachotawanya.

GP2Y0A21 ni ya sentimita 10 hadi 80. Anatoa volti, si sentimita: kama 2.3 kitu kikiwa sentimita 10, kama 0.4 kikiwa 80, na kati ya hapo mstari umepinda, kwa hiyo huna budi kukaa na rula na karatasi upime mwenyewe. Karibu na 80 mstari umelala kiasi kwamba kelele kidogo ya umeme inageuka sentimita nyingi. Mfungie kapasita ya maikrofaradi 10 au zaidi karibu na miguu yake, maana anavuta umeme kwa mikupuo.

Uongo wake ni mbaya kuliko wote kwa roboti: ukimsogelea chini ya sentimita 10, volti hupanda kidogo zaidi kisha huanza kushuka. Roboti inadhani kitu kinarudi nyuma, inakanyaga mafuta. Dawa si ya programu. Mrudishe nyuma ndani ya bodi, sentimita 10 kutoka kwenye bampa, ili hicho kipande cha upofu kiwe ndani ya roboti yenyewe. Kwenye roboti ndogo huna nafasi hiyo, na kwangu mimi hapo ndipo Sharp anaposhindwa.

Leza ndogo kama ukucha

VL53L0X inarudi kwenye kuhesabu muda, ila wa mwanga. Sauti huenda sentimita 34 kwa milisekunde moja. Mwanga huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Ukuta wa mita 2 unarudisha sauti baada ya milisekunde 11 na zaidi, na mwanga baada ya nanosekunde 13. Kuhesabu hizo ndiyo kazi iliyomo ndani ya kile kipande kidogo. Inakupa milimita moja kwa moja kupitia waya mbili za I2C, njia ya vifaa kuongea na bodi.

Watu wakisikia leza wanafikiria uzi mwembamba. Siyo. Sikio lake lina uwanja wa nyuzi 25, hivyo mita 1 mbele linaangalia duara la sentimita 44. Usiinunue ukidhani itapenya mlangoni bila kuona fremu. Tofauti yake na sauti ni kwamba ukuta wa mshazari unaiona, pazia inaliona, na haijali baridi ya Njombe.

Adui yake wa kwanza ni jua. Ndani ya nyumba, mbele ya kitu cheupe, inafika mita 2. Nje, hata siku ya mawingu, karatasi zake zenyewe zinaahidi sentimita 80 kwa cheupe na 50 kwa kijivu. Jua la saa sita sijawahi kulitegemea. Adui wa pili ni mpira na plastiki nyeusi za masizi, zinazomeza mwanga wake wa nanomita 940. Tairi jeusi linaweza kutoweka likiwa wazi mbele yako. Wa tatu ni kioo cha dirisha, ambacho mwanga unapita na kwenda kupima kilicho nyuma yake. HC-SR04 ikikikabili kioo hicho hicho uso kwa uso, inakiona kama ukuta.

VL53L0X zote huzaliwa na anwani moja, 0x29. Ukifunga tatu kwenye waya hizo hizo lazima uzizime kwa pini ya XSHUT, uziwashe moja moja na kuipa kila moja anwani mpya, kila umeme unapowashwa. Na kabla hujailaumu, tazama kama kijikaratasi cha njano kilichobandikwa juu yake kiwandani kimetolewa. Nimepoteza jioni nzima kwa kijikaratasi hicho.

Vikiwekwa bega kwa bega

| | HC-SR04 | Sharp GP2Y0A21 | VL53L0X |
|---|---|---|---|
| Umbali wa kwenye karatasi | sm 2–400 | sm 10–80 | hadi sm 200 |
| Kinapima nini | muda wa sauti | pembe ya mwanga | muda wa mwanga |
| Ukuta wa mshazari | hushindwa | huona | huona |
| Pazia, sponji | hushindwa | huona | huona |
| Kioo cha dirisha | huona kikiwa wima mbele | hushindwa | hushindwa |
| Jua kali | hakijali | hutatizika | hutatizika |
| Uongo wa hatari | "njia ni nyeupe" | "kinarudi nyuma" | "hakuna kitu" |

Kuhusu ile 400 ya HC-SR04: ni ya ukuta mkubwa, mgumu, ulio wima mbele yake. Kwa mguu wa kiti, mimi huhesabu mita moja na nusu na kushukuru.

Sasa kuchagua. Roboti ya nje, ya bustani au uwanja wa shule, chukua sauti. Jua halitakuachia chaguo. Inua kihisi kidogo, kwa sababu ukikifunga sentimita 10 kutoka chini, ukingo wa koni unagusa ardhi sentimita 76 mbele. Kwenye vigae sauti huteleza na kwenda zake, lakini kwenye kokoto na nyasi inarudi, na roboti inaanza kuikimbia ardhi. Roboti ya kupita kwenye vichochoro vya mashindano, vyenye kuta za mbao karibu karibu, chukua VL53L0X mbili au tatu. Sauti mle ndani inagonga kila upande. Roboti ya mezani isianguke ukingoni: Sharp anayetazama chini, aliyefungwa juu kidogo, hufanya kazi safi, ingawa leza imeshaanza kumnyang'anya nafasi hiyo. Chumba chenye moshi au vumbi, rudi kwenye sauti. Ukitaka ramani ya nyumba nzima, acha vyote vitatu uchange pesa ya lida, kihisi cha leza kinachozunguka.

Kama bajeti inaruhusu viwili, usinunue viwili vya aina moja ukidhani umejikinga. Vihisi viwili vya sauti vinadanganywa na pazia lile lile kwa wakati mmoja. Nunua cha sauti na cha mwanga, na sharti la programu liwe rahisi: kimoja kikisema karibu, amini karibu. Roboti itasimama mara chache bila sababu. Ni nafuu kuliko gia za plastiki zilizong'oka meno. Na usione haya kuweka swichi ya kugusa kwenye bampa. Ni ya bei ya chini kuliko vyote na haijui kudanganya, ila hujibu ukiwa umeshagonga.

Yule binti alianza kwa njia ya bei nafuu. Aliongeza HC-SR04 mbili, moja imetazama kushoto kwa nyuzi 45 na nyingine kulia, ili ukuta wa mshazari kwa jicho la kati uwe wa moja kwa moja kwa jicho la pembeni. Mwanzoni alizipiga zote kwa pamoja, zikawa zinasikia miangwi ya wenzake na kutoa namba za kilevi. Akazipanga kwa zamu, milisekunde 60 kila moja. Mzunguko mzima ukawa milisekunde 180, na kwa mwendo wa sentimita 40 kwa sekunde ni kama sentimita 7 za safari kati ya kutazama na kutazama. Inatosha. Ukuta ule ule, pembe ile ile, kigari kikasimama sentimita 20 kabla, kikageuka.

Kikaenda moja kwa moja kwenye pazia la dirishani. Macho yote matatu hayakusikia kitu, na bampa haikubonyea kwa sababu pazia lilijikunja tu mbele yake. Magurudumu yakalivuta kitambaa chini ya mota mpaka vishikizo viwili vikang'oka juu. Wiki iliyofuata alikuja na VL53L0X imelehemiwa tayari, kijikaratasi cha njano kimeshatolewa.